Mwangaza na njia ya miguu ni kinga kama chanjo

MJI ukikosa maji safi, kila mtu hutambua kwamba afya ya wakazi imo hatarini. Ukikosa zahanati, malalamiko hufika hadi kwa mwakilishi wa wadi. Lakini mji ukikosa taa za barabarani na njia ya waenda kwa miguu, ni wachache wanaouhesabu upungufu huo kuwa jambo la afya. Wengi huuona kama suala la urembo wa mji, au la kuwafukuza wezi.

Fikra hiyo ina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa katika wodi za majeruhi. Mguu uliovunjika, kichwa kilichopasuka, mzee aliyetumbukia mtaroni, mtoto aliyeumwa na nyoka akitoka dukani usiku: yote haya ni maradhi ya giza na ya ukosefu wa mahali salama pa kukanyaga. Na kama ilivyo kwa polio au surua, kuyakinga ni rahisi kuliko kuyatibu.

Mfano mzuri ni Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni. Mji huu uko kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, ambayo malori hupita usiku na mchana. Kutoka hapa huanzia barabara ya kwenda Mutomo na Kitui, iliyotiwa lami baada ya mwaka wa 2016. Stesheni ya reli ya kisasa ilianza kupokea abiria mwaka wa 2017. Ukiongeza mashamba ya mkonge, soko, vituo vya petroli na wauzaji wa matunda wanaosubiri mabasi, utaona kwamba watu wengi wa eneo hili hawana budi kutembea kando ya magari yaendayo kasi.

Kibwezi iko karibu na ikweta, kwa hivyo jua hutua mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni karibu mwaka mzima. Kiza hakibishi hodi. Kufikia saa moja usiku nuru imekwisha, na saa hiyo ndiyo vibarua hurudi nyumbani, akina mama hufunga vibanda na watoto hutumwa dukani. Saa ambayo watu wengi wako njiani ndiyo saa ambayo dereva haoni vizuri.

Takwimu zinasema nini?

Kwa mujibu wa Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ajali za barabarani ziliua watu 4,324 nchini Kenya mwaka wa 2023. Mwaka wa 2024 idadi hiyo ilipanda hadi 4,748. Mwaka baada ya mwaka, kundi linalopoteza watu wengi zaidi si madereva wala abiria bali ni waenda kwa miguu. Takriban mtu mmoja kati ya kila watatu wanaouawa barabarani alikuwa akitembea.

Hali hii si ya Kenya pekee. Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka wa 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Ugonjwa wowote wa kuambukiza wenye idadi kama hiyo ungetangazwa kuwa janga.

Kwa nini jicho hushindwa usiku?

Jicho la mwanadamu lina aina mbili za chembe zinazopokea mwanga. Aina ya kwanza hufanya kazi mchana. Hutambua rangi na huona hata vitu vidogo kwa makini. Aina ya pili hufanya kazi gizani, lakini haitofautishi rangi na picha yake haina makali. Ndiyo sababu nguo nyekundu huonekana nyeusi usiku.

Mtu akitoka kwenye mwangaza mkali na kuingia gizani, jicho huhitaji kati ya dakika 20 na 30 kuzoea kikamilifu. Dereva wa barabara kuu hapewi nafasi hiyo. Kila lori linalotoka upande wa pili humtia kiwi, na kwa sekunde kadhaa baada ya lori kupita huwa anaendesha kwa kubahatisha. Yeyote aliye kando ya lami katika sekunde hizo ni kama hayupo.

Umri nao huongeza tatizo. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takriban thuluthi moja tu ya mwanga unaopita katika jicho la kijana wa miaka 20. Mtoto wa jicho na kisukari hufanya hali kuwa mbaya zaidi. Kwa watoto na akina mama wajawazito, ukosefu wa vitamini A unaweza kuleta upofu wa usiku. Mtu huyo huona vizuri mchana, lakini jioni huanza kujigongagonga. Mboga za majani, karoti, mapapai na maembe, ambayo Makueni inayo kwa wingi, husaidia kuzuia hali hiyo.

Kuna kosa jingine ambalo hufanywa na anayetembea mwenyewe. Yeye huziona taa za gari likiwa mbali sana, kwa hivyo hudhani kwamba dereva naye amemwona. Sivyo. Taa zimewashwa upande mmoja tu. Aliyevaa nguo nyeusi mara nyingi huonekana gari likiwa limebakisha mita 30 hivi, hasa ikiwa dereva ameshusha taa zake ili asimtie mwenzake kiwi.

Hesabu ya mita 30

Hebu tupige hesabu. Sheria ya Kenya inataka magari yasizidi kilomita 50 kwa saa yakipita mjini au katika kituo cha biashara. Kwa mwendo huo, gari husafiri mita 14 kwa sekunde. Dereva aliye macho hutumia angalau sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga breki. Gari dogo lenye breki nzuri, juu ya lami kavu, litahitaji mita nyingine 14 hivi kusimama. Jumla ni mita 28. Aliyeonekana kwa mita 30 amepona, kwa tundu la sindano.

Sasa chukua gari hilo hilo kwa kilomita 80 kwa saa. Katika sekunde ya kwanza litakwenda mita 22 kabla breki hazijashika, na litahitaji mita nyingine 35 hivi kusimama. Jumla ni mita 57. Likimfikia yule aliyekuwa mita 30 mbele, bado linakimbia karibu kwa kasi ile ile ya awali. Lori lililojaa shehena huhitaji umbali mkubwa zaidi.

Taa ya barabarani hubadilisha hesabu hii. Mahali penye mwangaza wa kutosha, mtu anaweza kuonekana kwa mita 100 au zaidi. Dereva hupata sekunde za kufikiri, na anayevuka hupata sekunde za kurudi nyuma. Watafiti waliokusanya na kupima matokeo ya tafiti kutoka nchi mbalimbali walifikia uamuzi kwamba taa za barabarani zinaweza kupunguza ajali, majeraha na vifo.

Taa peke yake haitoshi

Hata hivyo, ni makosa kudhani kwamba nguzo na balbu zitamaliza kazi. Taa humwonyesha dereva mtu aliye barabarani, lakini haimwondoi mtu huyo barabarani. Kama hakuna njia ya miguu, mama aliyebeba mtungi na mtoto mgongoni bado atatembea kwenye ukingo wa lami, sako kwa bako na matairi ya trela.

Tena barabara nyororo yenye mwangaza huweza kumshawishi dereva akanyage mafuta zaidi. Barabara mpya ya lami huleta biashara na huwafikisha wagonjwa hospitalini mapema, lakini pia huleta kasi katikati ya vituo ambavyo zamani vilijua vumbi na punda. Kwa hivyo mambo matatu huenda pamoja: mwangaza, njia ya miguu, na matuta au vizuizi vingine vya kupunguza mwendo.

Ushahidi wa hili upo karibu nasi. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend lilifanya mabadiliko madogo karibu na shule za msingi zilizokuwa na ajali nyingi: njia za miguu, matuta, vivuko, alama na nguzo fupi za kuzuia magari yasipande njia ya watoto. Majeraha yanayotokana na ajali kwa wanafunzi yalipungua kwa asilimia 26. Mwaka wa 2019 mradi huo ulitunukiwa tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI, ukizishinda kazi za gharama kubwa kutoka mabara mengine.

Njia nzuri ya miguu huwa imeinuliwa kutoka usawa wa lami, ina upana unaowatosha watu wawili kupishana, na ina mteremko mdogo kwenye kila kivuko ili kiti cha magurudumu kipite. Mitaro iliyo kando yake hufunikwa. Jambo hili la mwisho si dogo. WHO inakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wazee. Nyonga ikivunjika uzeeni, wengi hawarudi tena kutembea kama awali.

Ni kawaida pia kwa njia ya miguu kujengwa leo na kutekwa kesho. Bodaboda huegeshwa juu yake na meza za biashara hupangwa hadi anayetembea anarudi kwenye lami. Kuwafukuza wafanyabiashara kwa rungu hakujasaidia popote, kwa maana watarudi pale walipo wateja. Dawa ni kuwatengea nafasi yao karibu na stendi wakati ramani inapochorwa, si baada ya kabro kuwekwa.

Nyoka, vumbi na mbu

Katika sehemu kavu za Makueni na Kitui, giza lina hatari nyingine ambayo mkazi wa Nairobi huisahau. Bafe, ambaye wengine humwita moma, ni nyoka mzito asiyekimbia akisikia mtu. Hujilaza njiani na rangi yake hufanana na udongo. Anayepita bila tochi humkanyaga, naye huuma mguu au kifundo. Mwaka wa 2017 WHO iliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa maradhi yaliyosahaulika yanayohitaji kupewa kipaumbele, na mwaka wa 2019 ikaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu wake kwa nusu kufikia mwaka wa 2030. Njia pana iliyofyekwa kando na yenye mwangaza humwezesha mtu kumwona nyoka kabla ya kumkanyaga.

Aliyeumwa asichanjwe, asifyonzwe jeraha na asifungwe kamba ya kukaza. Mtulize, avue pete na viatu, kiungo kilichoumwa kisitikisike, kisha apelekwe hospitalini haraka.

Pembe za barabara zisizosakafiwa huleta vumbi msimu wa kiangazi. Kila lori likipita, vumbi hilo huingia katika mapafu ya wauzaji na watoto. Wenye pumu hukosa pumzi, macho huwasha, na chakula kinachouzwa wazi huchafuka. Mvua zikija, ukingo ule ule hugeuka madimbwi. Mbu anayeeneza malaria hupenda sana maji madogo yaliyosimama juani, kama yale yanayobaki katika mashimo na nyayo za matairi. Njia iliyosakafiwa vizuri na yenye mtaro unaopitisha maji huondoa vumbi na mazalia hayo kwa pamoja.

Kibwezi inaijua malaria tangu kale. Wamishonari wa Kiskoti walifungua kituo hapa mwaka wa 1891, lakini homa iliwaua kadhaa kati yao, na mwaka wa 1898 kituo kikahamishiwa Kikuyu. Karne moja na zaidi imepita, na funzo la wakati huo lingali lile lile: mahali mtu anapoishi na kupita huamua afya yake kabla daktari hajaitwa.

Taa nazo zina madhara?

Zinaweza kuwa nayo zikiwekwa ovyo. Taa inayomulika kando badala ya chini humtia dereva kiwi na huingia katika vyumba vya kulala. Mwanga mweupe wenye ubuluu mwingi huuchanganya mwili, ukadhani bado ni mchana, na usingizi ukaharibika. Mwaka wa 2016 chama cha madaktari cha Marekani kilishauri miji itumie taa zenye mwanga wa umanjano, zilizofunikwa juu na kuelekezwa chini.

Zile nguzo ndefu ambazo wananchi wamezibatiza jina la mulika mwizi zinafaa sokoni na kwenye stendi, kwa kuwa humulika eneo pana. Kwenye barabara ndefu hazitoshi, kwani huacha vivuli virefu katikati. Hapo panahitajika nguzo fupi zilizopangwa kwa mfululizo, na mwangaza zaidi mahali pa kuvukia.

Kubwa kuliko yote ni matengenezo. Taa isiyowaka ni nguzo tu, na nguzo iliyo kando ya barabara ni kitu kingine cha kugongwa. Taa za stima huzimika bili isipolipwa. Taa za sola hazina bili, lakini betri zake huchakaa na huibwa. Mradi usiotenga pesa za kubadilisha balbu na betri ni kama chanjo iliyonunuliwa bila jokofu la kuihifadhi.

Ni jukumu la nani?

Katiba ya 2010, katika Mpangilio wa Nne, inazipa kaunti jukumu la barabara za kaunti na taa za barabarani. Barabara kuu zenyewe, ikiwemo ile ya Mombasa, ziko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu Nchini, KeNHA. Hapo ndipo mambo hukwama katika miji kama Kibwezi: lami ni ya serikali kuu, mwangaza ni wa kaunti, na anayegongwa hajui alie kwa nani.

Mwananchi aliulize swali hilo mahali panapofaa na kwa wakati unaofaa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inazitaka kaunti ziwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya tarehe hizo maoni ya umma hupokelewa. Makueni imesifiwa kwa vikao vyake vinavyoanzia kijijini. Katika vikao hivyo watu huomba zahanati na visima, na ni haki yao. Waombe pia njia ya miguu na taa, na wazitaje kwa jina lake halisi: huduma ya afya. Majeruhi mmoja wa kichwa anaweza kulazwa kwa miezi, na familia ikauza ng'ombe na shamba.

Unachoweza kufanya leo

Kabla nguzo hazijasimamishwa, hatua hizi zitasaidia:

Unapotembea mahali pasipo na njia ya miguu, pita upande wa kulia ukitazama magari yanayokujia, si kuyapa mgongo.

Vaa nguo nyeupe au za rangi hafifu usiku. Mkanda unaoakisi mwanga ni bora zaidi, kwani humfanya mtu aonekane mbali sana. Mtoto ashonewe kipande chake kwenye mkoba wa shule.

Beba tochi, hata ya simu, na uielekeze chini mbele yako. Itakusaidia kumwona nyoka, nayo itamsaidia dereva kukuona wewe.

Usivuke mbele wala nyuma ya basi lililosimama. Lisubiri liondoke.

Dereva unayesafiri usiku kwenda Mombasa, punguza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa unapoona vibanda vya kwanza vya kituo chochote, hata kama barabara ni tupu. Safisha kioo na taa zako kabla ya safari, na ushushe taa unapokutana na gari jingine.

Ajali ikitokea, piga simu 999 au 112. Usimvute wala kumkalisha majeruhi isipokuwa yuko katika hatari kubwa zaidi. Kandamiza palipo na damu kwa kitambaa safi, na usimnyweshe chochote.

Wenyeji wa Kibwezi hawawezi kuihamisha barabara kuu, wala hawangependa, kwa maana ndiyo riziki yao. Wanachohitaji ni kuonekana, na kuwa na mahali pa kukanyaga. Wewe upitaye hapo usiku ukiwa ndani ya basi au gari lako, kumbuka kwamba mita 30 za mwisho ziko chini ya mguu wa dereva.